Usimpige Ndege Mdomoni: Kasuku Mdogo Anapouma, wa Kufunzwa ni Nani?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi mnaotusoma kuanzia Mafubira na Bugembe mpaka Mbale, leo tunaomba nafasi tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Tunajua watakuwepo watakaosema: karo haijalipwa, sukari imepanda, nanyi mmekaa kuandika habari za ndege wa kwenye tundu? Ndiyo, tumekaa kuandika. Kwa sababu ndege huyo yuko ndani ya nyumba zetu, watoto wetu wanatazama tunavyomtendea, na yale wanayojifunza kwake hawatayaacha hapo kwenye tundu.

YALIYOTUKUTA NYUMBANI KWETU

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana anayenasihi wengine aanze kujinasihi.

Tulimnunulia mtoto wetu kasuku mdogo, wale wa kijani na manjano wenye michirizi kichwani, ambao jina lao la kigeni ni bajerigari. Muuzaji alituambia ni kinda, atazoea upesi. Siku ya kwanza hiyohiyo mtoto akaingiza mkono tunduni, ndege akamuuma kidole. Siku ya pili akamuuma tena. Siku ya tatu sisi watu wazima, wenye akili zetu, tukamwambia mtoto maneno haya: "Mshike kwa nguvu, asipate nafasi ya kukuuma."

Mtoto akatii. Akamshika kwa ngumi, kifua chote ndani ya kiganja. Ndege akahangaika kidogo, kisha akatulia. Tukafurahi kwamba amezoea. Alikuwa amekufa.

Baadaye ndipo tulipojifunza jambo ambalo lilipasa tulijue kabla ya kutoa pesa. Ndege hana ule utando wa chini ya mapafu tulio nao sisi unaovuta pumzi. Yeye huvuta pumzi kwa kupanua na kushusha kifua chake. Ukikibana kifua, umemziba pumzi, hata kama pua na mdomo viko wazi. Mtoto hakujua. Sisi tuliomwamuru nasi hatukujua. Lakini aliyelia usiku kucha akisema "nimemuua" ni mtoto, wala hatukuwa sisi. Jambo hili mpaka leo linatuuma kuliko mdomo wa kasuku yeyote.

Ndiyo maana tunaandika.

KWANZA TUMJUE NI NANI

Kasuku huyu si wa kwetu. Asili yake ni nyanda kavu za Australia, ambako huruka kwa makundi makubwa wakitafuta maji na mbegu za nyasi. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould aliwaleta wakiwa hai Uingereza, na kuanzia hapo wakazalishwa matunduni na kuenea duniani kote. Mkubwa wao ana uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi. Tuseme gramu 35. Mtu mzima wa kilo 70 ni mzito kuliko yeye mara 2,000. Hebu fikiria, ndugu msomaji, kitu kilicho kikubwa kukushinda mara 2,000 kinaingiza mkono chumbani kwako bila hodi. Wewe utafanya nini?

Pia ni ndege wa kundi. Kinda hutoka kwenye kiota akiwa na wiki tano hivi, na porini angeruka pamoja na wenzake. Sisi tunamtenga, tunamtia kwenye boksi, tunampakia kwenye boda boda, tunamfikisha kwenye nyumba yenye televisheni, watoto wanne na paka wa jirani. Kisha akiuma tunasema ni mkaidi!

Mdomo wake nao tuufahamu. Kasuku hana mikono. Mdomo ndio mkono wake, ndio kijiko chake, ndio fimbo anayopandia. Kinda huonja kila kitu kwa mdomo kama mtoto mchanga anavyotia kila kitu kinywani. Kwa hiyo kuna kutafunatafuna kwa kuchunguza, ambako hakuumizi, na kuna kuuma kwa kujitetea, ambako huumiza. Mwenye kuchanganya hayo mawili ataadhibu udadisi akidhani anaadhibu ubaya.

KWA NINI ANAUMA?

Tumeuliza wafugaji, tumesoma, na tumejionea. Sababu zenyewe hazizidi vidole vya mikono miwili:

1. Woga. Hii ndiyo kubwa kupita zote. Mkono unatoka juu kama mwewe, nyumba ni ngeni, hana pa kukimbilia.

2. Uchovu. Kasuku mdogo anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12. Huku kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, lakini taa na televisheni vinawaka mpaka saa sita usiku, na tundu liko palepale sebuleni. Mtoto wako akilala saa nne tu, asubuhi atakuwa na adabu?

3. Maumivu. Akifika miezi mitatu au minne hubadilisha manyoya, na vile vishina vya manyoya mapya vinavyochomoza huuma vikiguswa. Wakati mwingine ana utitiri au ni mgonjwa. Ndege aliyejitutumua manyoya, anayesinzia mchana na kukaa chini ya tundu, huyo haumi kwa jeuri.

4. Kulinda. Jike aliyekomaa akipata kona yenye giza anaiona kiota, na atakilinda.

5. Amefundishwa na sisi. Anauma, mtoto anapiga kelele na kurusha mkono, watu wanacheka. Ndege anapata somo mara moja: nikiuma, mkono unaondoka. Kesho atauma mapema zaidi.

Mtazame kabla hajauma. Anabana manyoya mwilini, anarudi nyuma, anaegemea upande, anafungua mdomo. Hayo ni maneno, anasema "hapana". Anauma baada ya kusema hapana mara tatu na kupuuzwa mara tatu.

WANAOSEMA APIGWE

Baada ya miezi kadhaa tulipata ndege wa pili, na naye akauma. Mjomba wa mtoto alikuwepo. Akasema, "Mpige kidole mdomoni, pa! Mara moja tu. Samaki mkunje angali mbichi."

Kauli hii tumeisikia nyumba nyingi, tena kwa watu wema wanaoswali swala tano. Basi tuijibu.

Kwanza, samaki hukunjwa kwa mkono wa taratibu. Anayempiga samaki apate kukunjika atabaki na vipande. Methali inahusu kuwahi, haihusu kupiga.

Pili, mdomo wa ndege haukuumbwa kama kucha iliyokufa. Chini ya ile sehemu ngumu mna mfupa, damu na mishipa ya fahamu. Kidole cha mtu mzima kikimpiga ndege wa gramu 35 kinaweza kupasua mdomo huo, na kasuku aliyepasuka mdomo hawezi kumenya mbegu.

Tatu, na hili ndilo tunalotaka kila mzazi alishike: mdomo wa ndege uko wapi? Uko usoni. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kupiga usoni na kutia chapa usoni, na maneno hayo yamekuja katika habari za wanyama. Ikiwa punda aliyebeba mzigo njia nzima hapigwi uso kwa ukaidi wake, kinda la kasuku litapigwa uso kwa kuogopa? Kwa hoja ipi?

Nne, kipigo hakifanyi kazi. Ndege hana namna ya kuunganisha kidole kinachompiga na kosa lake. Anachounganisha ni mkono na maumivu. Umempa sababu mpya ya kuogopa mkono, na woga ndio uliomfanya aume. Ni kama kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Siku hiyo kabla hatujasema lolote mtoto alimtazama mjomba wake akauliza kwa adabu, "Mjomba, mimi nilipokuwa mdogo sikukuuma?" Mzee akacheka, akashika bega lake. "Uliniuma hapa, ulipokuwa unaota meno."

"Ukanipiga mdomoni?"

Mjomba hakujibu. Lakini kidole alikirudisha.

WANAOSEMA NI NDEGE TU

Wengine hawapigi. Wanamtupa pembeni. Ndege akiuma mara mbili hafunguliwi tena mlango, haongeleshwi, tundu linasukumwa nyuma ya nyumba, maji yanabadilishwa mtu akikumbuka. Wanaona hawajamdhuru. La hasha! Tunaijua sote habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lake lilikuwa kufunga mlango na kusahau. Ndege wa kundi aliyeachwa peke yake bila sauti wala mwenzake yuko karibu na hali hiyo, hata kama bakuli lina mbegu.

Wala tusiseme kwamba dini haina habari na ndege wa mtoto. Ndugu mdogo wa Anas bin Malik (r.a.), aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kindege akicheza naye. Kindege kikafa. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma iliyokuwa mabegani mwake, alimkuta mtoto ana huzuni, akamwita kwa jina lake la heshima na kumuuliza habari za kindege chake. Bukhari na Muslim wameipokea habari hii. Mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass, wa karne ya 4 Hijria, alitunga kitabu cha kutoa mafunzo yapatayo 60 kutokana na habari hiyo moja. Wanavyuoni wameichukua kuwa ruhusa ya mtoto kufuga ndege, kwa sharti kwamba asimtese. Ruhusa na sharti vimekuja pamoja. Sisi tumebeba ruhusa tukaliacha sharti kwa muuzaji.

Usiku ule mtoto wetu alipolia, sisi tulimwambia, "Nyamaza, tutakununulia mwingine." Tulipokumbuka habari ya Abu Umayr tuliona haya.

WANAOSEMA AACHILIWE, NA WANAOTAKA KASUKU MKUBWA

Kuna mwenye huruma atakayesema: basi fungua mlango aende zake. Huruma hiyo ina upofu ndani yake. Amezaliwa tunduni, wazazi wake walizaliwa tunduni, kwao ni Australia. Hajui chakula kilipo, hajui mwewe, hajui paka. Kumwachia kwenye migomba ya Mafubira ni kumuua kwa mkono wa mwingine. Ikiwa umeshindwa, mtafutie mtu anayeweza, tena mwambie ukweli kwamba anauma na sababu yake.

Wengine nao wanasema: huyu mdogo hafai, tutafute kasuku wa kijivu, yule msemaji. Ndugu, yule ni wa porini, misitu kama Mabira, hapo njiani kwenda Kampala, ndiyo nyumba yake. Mdomo wake unavunja kokwa, sembuse kidole. Anaishi miongo kadhaa, na mtego unamtoa kwa wenzake akiwa na hofu itakayodumu miaka. Nchi zilizokutana Johannesburg mwaka 2016 katika mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku huyo anayetoka porini, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 nayo hairuhusu mtu kumiliki mnyama wa porini bila kibali. Aliyeshindwa na gramu 35 asikimbilie dhambi kubwa zaidi.

TUFANYE NINI BASI?

Haya tumeyafanya kwa ndege wa pili na yametufaa. Hayahitaji pesa, yanahitaji subira.

Siku za mwanzo, tatu mpaka saba, mwache apumzike. Mpe chakula na maji, zungumza naye kwa sauti ya chini, usiingize mkono bila haja. Tundu liwe limeegemea ukuta, usawa wa kifua chako, mbali na jua kali na mbali na jikoni. Moshi wa sigiri unamdhuru haraka, na vikaango vile visivyoshika chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege. Jua likizama lifunike kwa kitambaa chepesi, alale.

Kisha anza na mkono wa nje. Mara mbili kwa siku, dakika 10 au 15, kaa karibu na mkono wako ukiwa umetulia juu ya tundu. Akiacha kuhangaika, mpe shuke la ulezi (wimbi) kupitia kwenye nyaya. Akila bila woga, ingiza mkono na shuke ndani, polepole, kutoka chini au ubavuni, usitoke juu. Siku yoyote akirudi nyuma, nawe rudi nyuma hatua moja. Hakuna anayekukimbiza.

Akizoea, weka kidole taratibu chini ya kifua chake, juu kidogo ya miguu, useme neno moja lilelile, "panda." Akipanda, msifu na umpe mbegu. Akigusa kidole kwa mdomo kabla ya kupanda, usishtuke. Anapima kama kijiti kitamhimili.

Akiuma kweli, usipige kelele, usirushe mkono, usimpulizie usoni, usimtikise. Tulia, mrudishe kwenye kijiti chake, geuka pembeni kwa muda mfupi, nusu dakika yatosha. Kisha rudi, na safari hii uombe jambo dogo zaidi. Akitafunatafuna tu, mpe kijiti laini au kipande cha karatasi safi badala ya kidole. Nyumba nzima ifanye hivyohivyo. Mmoja akicheka na mwingine akipiga kelele, mmepoteza wiki.

Chakula nacho kina mchango wake. Mpe ulezi, uwele, mtama, majani ya dodo yaliyooshwa vizuri, na maji safi kila siku. Ovakado usimpe kabisa. Sisi huku tunaona ni chakula cha baraka, lakini kwa ndege ni sumu. Chokoleti na vitu vya chumvi vilevile mwepushe navyo.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza kumshika au kusafisha tundu. Kasuku wanaweza kuambukiza watu maradhi ya kifua, kwa hiyo mtu akipata homa na kikohozi baada ya kuwa na ndege mgonjwa, amweleze daktari kwamba nyumbani kuna ndege. Na ndege mwenyewe akibadilika ghafla, akaanza kuuma baada ya kuwa mpole, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kabla ya kumlaumu.

NENO KWA WANAFUNZI

Mwanafunzi uliyepanga chumba Mbale au Jinja, tunajua upweke. Kasuku mdogo ana sauti nzuri na picha yake kwenye simu inapendeza. Lakini jiulize: darasa mpaka jioni, mitihani, likizo ya kurudi nyumbani kwa basi la usiku. Ndege atabaki na nani? Akitunzwa vizuri anaishi miaka mitano mpaka kumi, yaani zaidi ya shahada yako. Kama jibu huna, usinunue. Kutonunua ni rehema pia, na haigharimu shilingi.

Na ukienda kununua, mtazame kinda kwa macho. Mwenye michirizi mpaka karibu na mdomo na macho meusi matupu bado ni mdogo. Hakikisha umeona kwa macho yako akila mbegu mwenyewe. Muuzaji akikuuzia aliyetoka kunyang'anywa kiotani, mwambie kwa uso mkunjufu kwamba hununui. Tukikataa sote, hatazileta tena. Tunakumbuka jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoamuru makinda yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akirukaruka juu ya maswahaba kwa uchungu. Abu Dawud ameipokea habari hiyo.

MWISHO

Ndege wetu wa pili sasa hupanda kidole. Ilichukua karibu miezi miwili. Bado akichoka hututafuna, nasi tunajua maana yake ni usingizi, tunamfunika.

Mtoto ndiye mwalimu wa nyumba sasa. Wageni wakija, yeye ndiye anayewaambia: "Usimshike kifuani. Usimpige mdomoni. Akisema hapana, mwache." Mjomba naye alipokuja tena aliketi mbele ya tundu na shuke la ulezi mkononi, karibu nusu saa, mzee mzima, akingoja ndege aamue. Hakuna aliyemcheka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atusamehe lile tulilolifanya kwa kutokujua, na atujaalie kuwa wenye huruma kwa walio chini ya mikono yetu, wenye manyoya na wasio na manyoya.

Wabillahi tawfiiq.